Leonidas Njiku, Mpatanishi wa Ndugu wa Njia

"Yule maksai alikuwa amechoka tu, Antipasi! Amechoka, wewe ukamchinja!"

"Alikuwa anakufa, Manase. Au ulitaka nimbebe mgongoni mpaka Manyoni?"

"Basi mimi na wewe hatubebi jeneza moja."

Hayo yalisemwa Jumanne asubuhi uani kwa marehemu, mwili haujapoa, na Manase akaondoka. Ninaanza nayo kwa sababu hilo ndilo shauri pekee ambalo mume wangu, Leonidas Njiku, ameondoka duniani bila kulimaliza. Deo mwanangu, wewe utakayesoma kaburini, usiliruke.

Marehemu alizaliwa Mungaa tarehe 14 Machi 1934. Hiyo ni ya kitabu cha katekista. Mama mkwe wangu alisema alimzaa njiani akitoka kuchota maji, na mtoto akatembea mwenyewe mpaka nyumbani. Mimi sikuwepo, lakini aliyeijua miguu ile ataamini.

Shule ya misheni alisoma miaka miwili, 1944 na 1945. Alijua kusoma jina lake na kuhesabu ng'ombe, akasema inamtosha. Mimi hata hayo sina, kwa hiyo nilimwona profesa.

Kuanzia 1952 aliswaga ng'ombe wa watu kwenda kupakiwa kwenye treni Manyoni, siku tatu kwa miguu. Biashara ilipofunguliwa, kila mwenye ndama wawili akajiita mfanyabiashara, na barabara ikajaa ng'ombe. Mwaka 1986 waswagaji ishirini wa hapa walifunga undugu, wakajiita Ndugu wa Njia: kulindana, kuuguzana, kuzikana. Sharti lao kubwa ni kwamba wenye kinyongo hawashiki pamoja mzigo wa ndugu yao, hata jeneza lake, mpaka wapatane. Mpatanishi alikuwa marehemu.

Hakuwa na hotuba. Wagomvi aliwapanga safari moja, huyu abebe unga, yule abebe maji na sufuria. Yeye alitangulia na ng'ombe, hakuuliza kitu. Mwaka 1991 Paulo na Sultani walitoka hapa hawasemezani. Siku ya kwanza Paulo alitafuna unga mkavu, Sultani akanywa maji matupu. Siku ya pili fisi alikuja akakaa katikati yao, akamtazama huyu, akamtazama yule, akaondoka anatikisa kichwa. Jioni ile walisonga ugali. Sultani yupo hapa. Kama fisi ni uongo, anyooshe mkono.

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Agosti 1956. Alichelewa misa, akaingia na vumbi mpaka kwenye kope, na padri akamtuma akanawe kwanza ili ajue anamwozesha nani. Ilikuwa miaka arobaini kasoro wiki chache. Ukiondoa safari, sijui mingapi nilikaa naye. Mluzi wake ulinifikia kabla ya vumbi la ng'ombe, nami nikainjika maji yake ya kuoga. Mwaka huu wa mwisho alishinda ndani, nikafurahi kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Kumbe mwenzangu alikuwa anaitazama barabara.

Miguu ilianza kuvimba Oktoba 1995. Hospitali wakasema ni moyo. Mwezi huohuo maksai wa Manase alilala njiani, Antipasi akamchinja, na ugomvi ukaanza. Watu walimsihi marehemu awapatanishe palepale kitandani. "Kwa maneno watanidanganya," alisema. "Nikipata nafuu nitawapeleka Manyoni."

Mwezi Mei alivaa katambuga zake za tairi, akafika zizini, akakaa chini. Nikamwambia, "Baba Deo, rudi ndani." Akanijibu, "Mama Deo, njia hii imekuwa ndefu." Kutoka mlangoni mpaka zizini ni hatua kumi na mbili.

Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Julai 1996. Leo Jumatano nimeamka nikainjika maji. Yamechemka yakakauka, nami nimekaa tu nasikiliza nje.

Marehemu ameacha mjane, Damari, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja. Maria binti yetu ndiye anayeyaandika haya, na habari ya fisi ameikataa mara mbili. Ameacha pia Ndugu wa Njia kumi na tisa. Manase nimemhesabu, apende asipende. Siwezi kumzika mume wangu kwa undugu uliopungua mtu, yeye aliyetembea maisha yake yote ili asipungue hata mmoja.

Mungu amfungulie, ampe kiti, asimwulize alikotoka mpaka apumzike. Na siku yangu ikifika, nisikie ule mluzi kabla si—

"Hodi. Shikamoo, Mama Deo."

Ni Manase, kofia mkononi.

"Marahaba, baba. Pita."

"Antipasi yuko wapi?"

"Anachimba kaburi tangu asubuhi. Amefika kwenye mwamba."

"Nani anamsaidia?"

"Hakuna. Wengine wamefuata mbao za jeneza."

"Sululu iko wapi?"

Maria, weka kalamu chini, umwonyeshe.