Sina Ndugu Ng'ambo ya Bonde

DIWANI: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Humjui.

DIWANI: Samahani, namba hii sina. Niko kikaoni, kama ni shida ya ofisi piga—

DADA: Nimesema humjui. Ni mtu wa ng'ambo ya bonde. Na wewe huna mtu ng'ambo ya bonde, redioni umesema.

[Mtandao unakoroma.]

DIWANI: Dada?

DADA: Dada wa nani?

DIWANI: Shikamoo, dada. Mbona namba ngeni?

DADA: Marahaba. Na naitikia kwa adabu niliyofunzwa, si kwa mapenzi. Simu ya jirani hii. Yangu huipokei tangu jana.

DIWANI: Vikao tu, dada. Ngoja nisogee dirishani, mwenyekiti yuko hapa mezani... Haya. Sema taratibu.

DADA: Niseme taratibu mimi? Jana nimekaa na wateja wangu, napima nguo za watu, redio iko juu ya kabati. Mtangazaji anakuuliza, mheshimiwa, hili bomba la kwenda ng'ambo ya bonde, wewe binafsi lina faida gani kwako? Ukajibu nini?

DIWANI: Nilieleza msimamo wangu. Kwamba mji hauwezi kukua kiholela halafu—

DADA: Sikuulizi msimamo. Ulijibu nini?

DIWANI: Nilisema sina faida yoyote.

DADA: Endelea.

DIWANI: Dada, mtandao unakata—

DADA: Haukati. Endelea.

DIWANI: Nikasema sina ndugu kule.

DADA: "Sina ndugu hata mmoja kule." Hiyo "hata mmoja" umeiruka. Nilikuwa na pini mdomoni, nusura niimeze. Wateja wote wakanigeukia. Hakuna aliyecheka, unajua? Bora wangecheka.

DIWANI: Ile ilikuwa lugha ya siasa tu.

DADA: Mgongo uliokubeba ni lugha ya siasa? Aliyekuwa analaza sare yako chini ya godoro, ili asubuhi uende shule umenyooka kama watoto wa wenye pasi, ni lugha ya siasa?

DIWANI: Sijasahau. Lakini na mimi nisikilize. Pampu ile ilijengwa kwa ajili ya mji wa zamani. Madalali wamekata viwanja mpaka kwenye makorongo, wamechukua chao, wamepotea. Sasa kila mtu anasema baraza lilipe. Hela ya umma ina mwisho, dada. Tukiunganisha bomba leo, wa mjini watakauka na ninyi mtakauka. Anayeupanua mji alipe kwanza, ndipo—

DADA: Hilo la madalali nakuunga mkono.

DIWANI: Unaniunga?

DADA: Kwa mikono miwili. Wabaneni mpaka watapike. Lakini usinipeleke huko, hasira yangu haiko huko. Mimi maji ya bondeni nimeshayazoea, mgongo umeshakubali. Ungesema, "Dada yangu wa tumbo moja yuko kule, anapanda kilima na ndoo kila siku, na bado nasema bomba lingoje," ningenuna. Ningenuna sana. Lakini ningetembea kichwa juu. Ningewaambia, huyo nimemlea mimi, hapindishi maneno.

DIWANI: Nisingeweza kusema hivyo.

DADA: Kwa nini?

DIWANI: Kanuni za baraza. Diwani mwenye ndugu atakayefaidika na jambo anatoka nje wakati wa kura.

DADA: Si utoke? Kwani nje kuna simba?

DIWANI: Kura zitalingana, dada, tumeshahesabiana. Yangu ndiyo inayozuia. Nikitoka mimi, bomba linapita.

[Upepo unavuma kwenye simu.]

DADA: Ngoja nikuelewe. Umenikana ili upate nafasi ya kuninyima maji.

DIWANI: Usiliweke hivyo.

DADA: Liweke wewe vizuri, nakusikiliza.

DIWANI: Mimi nafikiria mji mzima, siwezi... Dada, damu nzito kuliko maji. Hilo halibadiliki, hata nikisema nini redioni.

DADA: Nzito kweli. Lakini hainyweki, Kitinda mdogo wangu, wala haioshi vyombo.

DIWANI: Nitakuja Jumapili tuongee kwa utulivu. Nitakuletea tangi. La kwako mwenyewe, kimyakimya, hakuna atakayejua limetoka—

DADA: Kimyakimya. Sasa mimi nimekuwa mchepuko wako?

DIWANI: Nakuomba. Kura ni sasa hivi.

DADA: Najua ni sasa hivi. Nimefika getini kwenu.

DIWANI: Geti gani?

DADA: Hili la baraza, kuna mangapi? Nimeacha cherehani, nimeacha gauni la bibi harusi lina mkono mmoja. Mlinzi ananiuliza nimemfuata nani, na mimi ni nani wake. Nikaona nisijisemee, nisije nikakuharibia. Ongea naye.

DIWANI: Usimpe simu. Dada. Dada, usim—

MLINZI: Haloo, mheshimiwa? Kuna mama hapa getini, anasema amekufuata wewe. Ni nani wako?

[Upande wa Diwani, sauti za wajumbe kikaoni.]

MLINZI: Mheshimiwa, upo?

DIWANI: Nipo. Huyo... huyo ni fundi wangu wa nguo. Ameniletea suti. Mwambie arudi kesho.

MLINZI: Mama, anasema wewe ni fundi wake wa nguo, umeleta suti, urudi kesho. Sasa suti yenyewe iko wapi?

DADA: [kwa mbali] Ameivaa.

MLINZI: Mheshimiwa, anasema—

DIWANI: Nimesikia.

MLINZI: Sasa nimwambie... Mama. Wewe mama, huko huruhusiwi. Simama hapo. Mama! Mheshimiwa, fundi wako amepita kwa nguvu, anaelekea kwenye ngazi. Mwenzangu amemdaka.

DIWANI: Amemdaka vipi?

MLINZI: Mkono. Wanavutana. Ah, kaanguka. Kidogo tu. Tumtoe nje?

DIWANI: Mwacheni.

MLINZI: Sikusikii, mtandao unakwamakwama. Tumtoe?

DIWANI: Nasema mwacheni, asiguswe.

MLINZI: Unasema aguswe? Tumtoe au tusimtoe? Sema kwa nguvu, mheshimiwa, na simu yenyewe inalia, salio linakwisha.

DIWANI: Mwacheni! Ni dada yangu! Dada yangu wa tumbo moja!

[Upande wa Diwani, viti vinakwaruza sakafu.]

MLINZI: Hapo nimekupata, mheshimiwa. Hata bila simu. Umesikika mpaka huku getini.

DIWANI: Na humu ndani wamesikia. Mwenyekiti ananionyesha mlango.

MLINZI: Kwa hiyo huyu mama nimwambieje?

DIWANI: Mwinue. Mpe kiti. Mwambie natoka, mwambie—

[Salio limekwisha.]