Kadi ya Akiba ya Bwana Jozi

Ndugu, majirani na wote mlioacha kazi zenu kuja kutufariji, mnayosomewa ni safari ya maisha ya marehemu tuliyezoea kumwita Bwana Jozi, na msomaji ni mdogo wake, aliyefanya naye kazi chumba kimoja kwa miaka kumi na tisa na kumwonea kijicho miaka yote hiyo, jambo ambalo familia ilimshauri aliruke, akakataa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, wa kwanza kati ya watoto wawili, katika nyumba iliyo nyuma ya kiwanda cha matofali, akaanza shule Januari 1973 na kushika namba moja kila mwaka, hata mdogo wake alipofika hapo walimu hawakuhangaika kujifunza jina lake, walimwita mdogo wa fulani. Alihitimu ufundi wa umeme Novemba 1987, akaajiriwa na hospitali ya wilaya tarehe 1 Februari 1990, na tarehe 20 Juni 1992 alifunga ndoa na binti wa jirani, ambaye mdogo wa marehemu ndiye aliyeanza kumsalimia, shemeji utusamehe. Walijaliwa watoto wawili, mapacha, Mei 1995, maana marehemu hakuwa mtu wa kitu kimoja kimoja.

Agosti 2014 hospitali ilinunua seva, kompyuta kuu ya kutunzia mafaili ya wagonjwa, na mdogo wake akapendekeza diski mbili za kuwashia mashine, zenye nakala ile ile, ziunganishwe kwa programu tu, ilhali marehemu alitaka kadi maalumu ya kuziunganisha, ili moja ikifa mashine iwake kwa nyingine bila kubembelezwa. Mbele ya mganga mkuu alichomoa diski moja kwenye kila mashine ya majaribio, ya kwake ikawaka, ya mdogo wake ikabaki na kioo cheusi, watu wakapiga makofi, na mdogo wake naye akapiga huku nyongo imempanda. Marehemu akadai zinunuliwe kadi mbili za aina moja, kwani ya aina nyingine huenda isizisome diski zile, na ya akiba akaifungia kabatini.

Tarehe 11 Septemba 2017 mdogo wake aliichukua kadi hiyo, akaificha kwenye boksi la viatu chini ya kitanda chake, akiomba siku moja kaka mtu aumbuke hadharani, lakini marehemu hakuuliza kitu.

Marehemu aliugua figo Januari 2023, akalazwa tarehe 2 Mei katika hospitali hiyo hiyo, na tarehe 18 kadi ya seva ikafa, mashine ikagoma kuwaka, wauguzi wakawa hawaoni dawa za mgonjwa yeyote, za marehemu zikiwemo. Mdogo wake alikimbia nyumbani, akarudi na boksi la viatu, akaifunga kadi, na diski zikasomeka zote, akapongezwa mpaka akatamani ardhi immeze. Alipoingia wodini kukiri, marehemu alimwuliza kwa sauti ya chini, "Umeileta? Basi vizuri," akamwelekeza kwenye daftari la kazi, ukurasa wa tarehe 12 Septemba 2017, palipoandikwa kwa mkono wake: kadi ya akiba imehamia kwa mdogo wangu, chumba cha seva kikiungua, hiyo itakuwa salama. Mdogo wake alitoka pale na wivu mpya, kwa sababu hata wizi wake kaka alikuwa ameutafutia kazi.

Marehemu alifariki tarehe 27 Mei 2023, saa tano asubuhi. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotupikia na kulala nasi msibani, pamoja na wafanyakazi wenzake, ambao wameagiza kadi nyingine ya aina ile ile, na safari hii mdogo wake amekabidhiwa kwa barua aitunze nyumbani.

Kaka, hata huko umetangulia wewe, na roho inamuuma mdogo wako kama siku zote. Pumzika kwa amani, boksi lipo chini ya kitanda.