Mguu Unaouma Marseille Tu

Basi la bandarini lilikuwa likiwapeleka abiria wa meli mjini Marseille. Fiorenza, fundi cherehani mstaafu wa Genoa, alijifanya anasoma ramani, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele, kwa mume na mke.

“Naples ulipanda mlima,” mke alisema. “Palermo ulicheza dansi. Tukifika Marseille tu, mguu unauma: mimi niende na ziara ya meli, wewe ubaki kitandani. Kila mwaka!”

“Kwani mguu una ratiba, Loredana?”

“Ndiyo maana ziara nimeifuta. Leo tuko bega kwa bega, mume wangu.”

“Mji wenyewe siujui. Tutapotea, meli ituache.”

“Huujui, ila umejipulizia manukato.”

“Ni dawa ya mbu.”

Fiorenza aliuma kitambaa asicheke. Mbu gani hao wa kufukuzwa kwa harufu ya waridi?

Basi likasimama Bandari ya Kale, mbele ya meza za wauza samaki. Chini ya meza moja kijibwa kikainuka, kikatimua mbio mkia ukicheza, kikajilaza juu ya kiatu cha mume kabla mguu wa pili haujashuka.

“Sikijui,” alisema mume.

Fiorenza, aliyekuwa na haraka ya kwenda kuona kanisa, alirudi kukaa dirishani. Kanisa halihami.