Majeruhi wa Basi la Duluth

Asubuhi ile theluji ilifika magotini na basi letu la mjini Duluth, kaskazini mwa Marekani, lilikuwa linatambaa. Akapanda kadeti mmoja wa chuo cha kijeshi, Tollefson kwa jina lililoshonwa kifuani, amembeba mwenzake begani. Viti vilikuwa vitupu, naye akabaki wima.

“Mkalishe, mwanangu,” alisema bibi mwenye kofia ya sufu.

“Siwezi, bibi. Tuko mazoezini. Huyu ni majeruhi, na sajenti kasema asiguse chini mpaka tufike chuoni. Akigusa, kikosi kizima tunaanza upya.”

“Kiti si chini.”

“Kimesimama juu ya sakafu.”

Nilikitazama kiti changu. Kweli kilikuwa kimesimama juu ya sakafu.

“Na sajenti kasema mpande basi?” bibi aliuliza.

“Hakusema tusipande.”

Bibi akamgeukia majeruhi. “Nawe huoni haya, mzima hivyo?”

“Nimezimia,” alijibu, kichwa kikining’inia.

Bibi akavua skafu yake, akamfunga shingoni. “Hata aliyezimia hupata mafua.”

Basi likasimama. Mlango ulipofunguka, kituoni palikuwa na mwanamume mwenye theluji kwenye masharubu, nauli mkononi.

“Sajenti,” alisema Tollefson kwa sauti ndogo.

Majeruhi akafumba macho, akazimia kwa bidii zaidi.