Giolitti na Kijana Atakayetulia

Kila Jumatano asubuhi, soko la wanawake la Ibra likifunguliwa, benchi lililo kando ya meza ya vitambaa ya Huwaida huwa limeshajaa kabla mteja hajafika. Wanaolikalia ni walewale. Bi Kaltham, aliyesomesha historia tangu Nizwa mpaka Ibra, na ambaye soko zima linamwita Mwalimu, hukaa pembeni penye kivuli. Wasan hukaa katikati, maana jina lake Redio, na redio haiwekwi pembeni. Alyaa ni Wakili, kwa kuwa hajashindwa ubishi hata siku aliyokosea, na mahali pake ni karibu na chupa ya kahawa. Huwaida mwenyewe hakai. Anapima kitambaa, anamimina, anasikiliza. Zamani benchi halikuwapo, palikuwa na mkeka, na aliyekuwa akimimina alikuwa mama yake. Yeye na Alyaa, wasichana wadogo, walikuwa wakilala kifudifudi chini ya meza wakiwasikiliza wakubwa wakizungumza Kiswahili cha Unguja mjini, kile kilichosafiri nao kabla hakijachanganyika na kitu. Wengi wa wale wa mkeka wamekwenda mbele ya haki. Kahawa tu ndiyo haijabadilika, na kubishana.

Jumatano hii Huwaida alikuwa na jibu la kutoa. Yazeed, mtoto wa dada yake Alyaa, ameleta posa kwa Jumana, binti yake mkubwa, na wazee wake wanakuja baada ya alasiri kusikiliza. Kijana ana sura, ana kazi nzuri Sur, anaswali. Ila mkono wake mwepesi. Katika harusi moja Jalan Bani Bu Hassan aliambiwa asogeze gari, akavunja kioo cha gari la mwenziwe kwa ngumi. Mdogo wake ana kovu juu ya jicho, na nyumba nzima husema ni mlango. Hisham, mumewe Huwaida, ameshasema akioa atatulia. Jumana naye kasema hamjui vizuri, baba na mama yake ndio wanaomjua, atafuata watakaloamua. Neno hilo ndilo lililomkosesha Huwaida usingizi. Angekataa, angekatana na Alyaa, na Alyaa amekuwa naye tangu chini ya meza.

Benchi zima lilijua, na hakuna aliyelitaja. Walimzungumza Mwitalia.

Ni ada ya Mwalimu kuchukua mtu mmoja wa historia na kumsimulia Jumatano hata Jumatano mpaka amalizike. Safari hii alikuwa Giovanni Giolitti, waziri mkuu wa Italia mara tano kabla mafashisti hawajashika nchi. Mwalimu alimsoma akiwa msichana Unguja, kwa mwalimu aliyekuwa akiingia darasani, akitundika buibui lake kwenye msumari, kisha akikunjua ramani ya Ulaya ya kitambaa. Kisigino cha Italia kilikuwa kimetoboka na kushonwa kwa uzi mwekundu. Mpaka leo Mwalimu akiitaja Italia huuona uzi ule. Alisema darasa lile lilikuwa na wasichana wa kila ukoo, na kwamba siku hizi hawezi hata kuwakusanya watatu kwa simu.

Juma lililopita alikuwa amewaeleza namna mzee yule alivyokuwa hodari wa kungoja. Hakuwa mwanajeshi, alikuwa mtu wa ofisi. Wafanyakazi wakigoma, haleti askari, anawaacha wachoke. Walipovamia viwanda, inasimuliwa, tajiri mmoja alimtaka awatoe kwa mizinga, naye akamuuliza kama aanze na kiwanda chake. Wasan alikuwa ameipenda hiyo sana na ameshaisambaza mpaka Ras al Hadd.

Leo ndiyo siku ya kosa lake.

— Mwaka elfu moja mia tisa na ishirini na moja, alisema Mwalimu, wale vijana wa mashati meusi walikuwa tayari wanachoma ofisi za watu na kupiga watu njiani. Uchaguzi unakuja. Mzee akawatia katika orodha yake ya wagombea.

— Akawatia yeye mwenyewe? aliuliza Wasan.

— Mwenyewe. Alidhani wakikaa bungeni, wakivaa tai, wakizowea viti, watatulia.

Neno likaanguka hapo. Huwaida akaendelea kukunja kitambaa alichokwisha kukikunja.

Alyaa akanywa, akaweka kikombe.

— Na alikuwa na haki. Mwenye kelele hana neno. Kijana anayepiga makelele ni kijana anayetafuta mahali pa kukaa. Mpe mahali, atakaa.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akasema Wasan.

— Ndiyo maana yake hiyo? aliuliza Alyaa.

— Maana yake aliwapa jembe, wakamlima nalo.

Alyaa akamwambia Redio azime. Akaanza kumtetea Mwitalia kama aliyelipwa. Mzee yule aliwapa wanaume wote haki ya kupiga kura, hata wasiojua kusoma. Mzee yule alikataa Italia kuingia vitani, wakamtukana, wakaingia, wakafa. Mtu aliyekuwa sahihi mara zote hizo, kwa nini asiaminiwe mara moja zaidi? Mwalimu akasema hayo yote ni kweli, na ndiyo yaliyomponza. Aliyezowea kupatia haulizi tena njia.

Basi nadharia zikaanza kupanda. Wasan alisema mzee hakuwa na kosa, kosa ni la chakula cha mchana: ukishakula tambi zile huwezi kuamua la maana kabla ya magharibi. Alyaa akasema kosa ni la mfalme, wafalme wa kule walikuwa wafupi na mfupi humwogopa mwenye kelele. Wasan akaona hiyo haitoshi. Akasema ukitaka kumjua mwenye fitina, mtafute aliyefaidika, na katika nchi nzima inayovaa mashati meusi aliyefaidika ni muuza vitambaa. Akamgeukia Huwaida.

— Wewe ungekuwa Italia ungetajirika. Abaya za wanaume.

— Nyeusi huchuja, alisema Huwaida. Wangerudi kunigombeza.

Walicheka, na kicheko kilikuwa cha zamani, kile cha mkekani, hata mama wa meza ya ubani akageuka kutazama. Alyaa alikuwa akicheka zaidi ya wote, akifuta macho kwa ncha ya shela, na Huwaida akamtazama akafikiri kwamba labda hii ndiyo Jumatano ya mwisho anamwona hivi.

Alyaa ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alisema angelikuwepo mzee yule Unguja, asingeshindwa. Kule kijana akikorofisha alikuwa na mashangazi saba na mtaa mzima wa kumkalisha kitako. Samaki mkunje angali mbichi.

— Huyu samaki ana miaka thelathini na ndevu, alisema Mwalimu.

— Wa Italia, alisema Alyaa.

— Wa Italia, alisema Mwalimu.

Mwalimu akaongeza taratibu, kama anayejisemea, kwamba mashangazi saba wa Unguja wako wapi leo. Mmoja Dubai, mmoja Maskati, wengine makaburini. Watu wanaposema mtoto atakalishwa, wanaukumbuka mtaa ambao haupo.

— Mwisho wake ulikuwaje? aliuliza Huwaida. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza asubuhi ile.

— Walipoingia bungeni hawakutulia. Yeye akajiuzulu mwaka uleule, kama ada yake, akijua ataitwa tena. Akarudi kwao Piemonte. Siku wale walipoandamana kwenda Roma alikuwa nyumbani, ametimiza miaka themanini. Aliyeitwa kushika serikali hakuwa yeye, alikuwa mkubwa wa wale wa mashati meusi.

— Hakusema kitu?

— Alisema baadaye. Alisimama akawapinga. Kulikuwa kumeshakucha.

Alyaa akasema miaka themanini ni uzee, mtu haulizwi. Tena akasema kungoja si kosa, subira ni dini. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Hakuwa akimtetea Mwitalia tena, na hakujaribu kuficha.

— Huwaida, kijana wetu si mbaya. Ana hasira tu. Atatulia.

Ndipo Jumana alipofika na mfuko wa mkate kutoka nyumbani. Akawapa shikamoo mmoja baada ya mmoja, akambusu Mwalimu mkono, akakaa juu ya marobota ya vitambaa kwa kuwa benchi lilikuwa limejaa. Alikuwa amelisikia neno la mwisho. Hakuona haya, hakuudhika. Alimwita Alyaa khala, mama mdogo, akamuuliza kama anavyouliza mtu bei.

— Khala Alyaa, na wakati huo anapongojwa atulie, nani anakaa naye?

Mteja alipita, akagusa hariri, akaona nyuso zao, akaenda zake. Huwaida alimimina kahawa katika kikombe ambacho hakikuwa kitupu, ikamwagika mezani, na yeye hakuifuta.

Alyaa alikuwa akitazama chini.

— Dada yangu, alisema mwishowe.

Hakuna aliyemwelewa mara moja.

— Dada yangu ndiye anayekaa naye. Miaka yote. Ile bangili pana anayovaa mpaka kulala, hata kwenye joto. Mimi namwambia aivue, haivui; leo ndiyo najua inaficha nini.

Huwaida akazunguka meza. Akakaa kwenye benchi, jambo ambalo hata Wasan hakukumbuka kuliona, akabanana na shoga yake nyonga kwa nyonga kama walivyokuwa wakibanana chini ya meza.

— Alyaa. Hakuna nasibu, posa tunairudisha.

— Najua.

— Nitamwambia Hisham awapigie wasijisumbue.

— Usimwachie Hisham. Alyaa akasimama, akaweka sawa shela yake. — Maneno haya si ya simu. Nakwenda kwa dada. Nitamwambia mimi, na nitamwambia na jengine. Chumba changu cha uani kitupu, aje akae.

Akaondoka kupitia meza za ubani, mwendo wa haraka, mkoba wake ameusahau pale alipokuwa amekaa. Jumana akauchukua, akamkimbilia.