Mwalimu Pyo na Jumamosi za Bafuni

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mwalimu Pyo Gyeong-hui (Mwalimu tunamwita kwa heshima tu), mwanasaikolojia aliyesajiliwa wa kituo chetu cha ushauri hapa Uiseong, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mkurugenzi ameniomba mimi, Seo Bok-im wa mapokezi, niandike wasifu wake kwa kuwa hakuna aliyekaa naye muda mrefu kuliko mimi. Nimekubali shingo upande, maana sipendi aondoke.

Kazi yenyewe ni ngumu. Daktari wa meno akistaafu, mji mzima hucheka watu wayaone meno aliyoyatengeneza. Mwanasaikolojia je? Nilimwuliza nimtaje nani kati ya wote aliowasaidia. Akanitazama juu ya miwani.

“Andika kwamba sikuchelewa kazini.”

Haya, nimeandika. Hakuchelewa kazini.

Alipokuja kutoka Daegu, mji huu haukujua kazi yake ni nini. Miezi ya kwanza watu walimjia wapangiwe siku njema ya harusi. Bibi mmoja alimnyooshea kiganja asome, akaambiwa aeleze mwenyewe kinachomsumbua. Bibi alitoka akifoka mpaka sokoni: “Mganga gani huyu anayeuliza maswali? Si yeye ndiye anayepaswa kujua!” Soko zima lilicheka wiki nzima, na Mwalimu Pyo akacheka nalo.

Halafu kuna habari ya vitunguu saumu. Kila msimu wa mavuno tulikuta mafungu yameachwa mlangoni. Yenye jina aliyarudisha kwa adabu, yasiyo na jina akayapeleka jikoni kwenye ukumbi wa wazee. Mimi nilinung'unika sana. Jamani, mkazi wa Uiseong, mji unaosifika kwa vitunguu saumu, kununua dukani vya kutia kwenye kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, ni aibu! Yeye alinijibu mara moja tu, na sikuuliza tena: “Bok-im, nikila kitunguu cha mtu, kesho nitaona haya kumwambia ukweli.”

Ndivyo alivyokuwa na kanuni za maadili. Wengine tunazisoma siku ya mtihani. Yeye alikwenda nazo sokoni, harusini na bafuni. Na hili la bafuni ndilo linalonikaa rohoni.

Mji wetu una bafu moja la umma, na Jumamosi wanawake hujaa humo. Mwalimu Pyo alikuwa akienda na mama yake mzazi, tuliyemwita Mama Chu kwa jina la ukoo wake. Mgongo mtu hajisugui mwenyewe. Unamsugua aliye karibu nawe, naye anakusugua, awe shoga yako au mtu baki. Jumamosi moja, mwaka siutaji, Mwalimu alikuwa ameinama anasuuza povu kichwani, akasikia kitambaa cha kusugulia mgongoni. Akadhani ni mama yake, akatulia. Nongo ilipokwisha, sauti ikasema nyuma yake: “Haya Mwalimu, zamu yangu.” Alikuwa mteja wake.

Alimsugua. Angefanyaje? Kumkatalia mbele ya wanawake wote ilikuwa ni kumtangaza. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe kwenye mafunzo ya mkoa, bila jina, na ameniruhusu nikirudie. Alisema mteja yule aliporudi ofisini alizungumzia mvua tu. Yaliyomleta hakuweza kuyasema tena, kwa sababu mbele yake sasa alikaa jirani wa bafuni mwenye kovu tumboni na mama mpiga soga. Ikabidi amkabidhi kwa mwenzake wa mji mwingine.

Chama cha wataalamu kilipokuwa kinaandika upya miongozo ya kazi, Mwalimu Pyo alikwenda Seoul akadai kipengele cha miji midogo. Wajumbe walipoisikia habari ya bafu waliangua kicheko. “Chekeni,” aliwaambia, “mkimaliza tuandike.” Na kiliandikwa: mtaalamu na mteja wakikutana nje ya chumba cha ushauri, anayepisha ni mtaalamu. Leo wanasaikolojia vijana wa visiwani na milimani wanafanya kazi kwa kipengele hicho, na wengi hawajui kimetoka kwenye mgongo wa nani.

Aliporudi kutoka Seoul hakuingia tena katika bafu letu.

Mama Chu hakuelewa. Na binti hakuweza kumweleza, kwa kuwa kusema “kuna mteja wangu humo” katika bafu moja la mji mmoja ni sawa na kumnyooshea mtu kidole, na Mama Chu kwa kubahatisha hakuwa na mpinzani. Basi akawa anasema ana kazi. Akajitolea kumpeleka kwa gari mpaka Andong, mji wa jirani, wakaoge huko. Ndipo akaharibu kabisa. “Andong? Nikaoge ugenini, nimeiba nini? Unanificha?”

Siku hiyo mama alikuja mapokezi, akaniwekea mayai ya kuchemsha mezani, akasema, “Bok-im, binti yangu tangu asome ananionea haya. Mgongo wa kizee hautaki tena.” Mlango wa Mwalimu ulikuwa wazi kidogo. Alisikia kila neno, akabaki ndani. Nami kiapo cha kituo kimenifunga mdomo kama yeye.

Basi Jumamosi nikawa naenda mimi. Lo, mama yule! “Wee, unapapasa au unasugua? Anzia mabegani, shuka mpaka kiunoni, tia nguvu, mimi si yai!” Na kila tulipomaliza, huku anajifuta, aliniuliza kama bintiye anakula vizuri.

Alifariki majira ya baridi mwaka juzi, bado akiamini kwamba alionewa haya. Msibani Mwalimu Pyo aliniambia, “Kanuni ile ningeiandika tena vilevile. Lakini mama yangu nimemkosea.”

Wasifu huu nilimwonyesha. Alifuta aya mbili za sifa, za mama yake akaziacha. Yanayofuata hajayaona.

Mwalimu, wenzako wote tunakushukuru. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na vitunguu saumu vya kupewa bila hofu. Najua siri haistaafu, na bafu la hapa hutaingia. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya Julai nitakupitia asubuhi, twende Andong. Usinipe kisingizio cha kazi, huna kazi. Wala usiniletee kanuni. Miaka yote hii sikuwahi kukueleza shida yangu hata moja, na usidhani sikuwa nazo. Nilizimeza ili nisije nikawa mteja wako, nibaki kuwa shoga yako.

Kitambaa cha mama yako ninacho. Nitaanzia mabegani, nishuke mpaka kiunoni, kwa nguvu, kama alivyonifundisha. Na ukitaka kulia, lia tu, humo ndani kila mtu ana maji usoni.