Helikopta Isiyosikika

Mbele ya kibanda cha kahawa cha Séphora, mjini Bunia, kuna benchi ambalo watu hulikalia kwa kazi moja: kusikiliza. Tangu silaha zinyamaze, nazo zimenyamaza nusu nusu, helikopta ndogo ya jeshi hupita asubuhi kuelekea Djugu, kulinda barabara. Ikisikika, magari hupakia abiria. Kwa Ézéchiel hilo si mchezo. Mke wake, Adeline, hapandi gari kurudi kulima shamba lao la Fataki, upande huo huo, mpaka mumewe ausikie mngurumo. Leo jua lilikuwa limeshachomoza sana, kahawa inaelekea kwisha, na alikuwa hajasikia kitu. Akajitia kupuliza kikombe.

— Wako wanaitengeneza, akasema Kamate, fundi wa pikipiki ambaye wote humwita Pistoni.

— Bado wanatengeneza ile muzee? Ézéchiel akauliza. Niliona sura yake ileile nikiwa mutoto.

— Sura, ndiyo. Kadre yake, ile mifupa, iko muzuri. Nyepesi, inatua hata mu kiwanja ya masomo. Juu ya nini waitupe? Wanatosha moteri ya zamani, wanatia ya nguvu. Mabawa ya juu, wanaongeza moja. Ni vile mi nafanya na moto ya weye, ile pikipiki.

— Moto yangu haitembee, Pistoni.

— Njo maana nasema wako wanatengeneza!

Ambroise akacheka kwa dharau. Aliwahi kulinda ghala karibu na uwanja wa ndege, na tangu hapo watu humwita Komanda, hakuna siri ya jeshi inayompita.

— Walitia macho ya usiku, ikaona panya chini ya majani ya manioki. Sasa wametosha makelele. Imeshapita, Ézé. Juu ya kichwa yako, hukusikia.

— Inawezekana, Pistoni akakubali. Hata moto, ukibadilisha bomba ya moshi, inanyamaza.

— Inaweza kuwa hapa sasa hivi, Komanda akanong'ona. Inasikia siye tunakunywa kahawa.

Wote wakatazama juu. Ézéchiel akaona nafuu, nafuu ya kweli. Kumbe imepita!

Adeline akafika, jembe begani, mbegu za maharagwe mfukoni. Dereva wa gari la Fataki, aliyemsikia Komanda, alikuwa ameshawasha gari.

— Imepita?

— Imepita, mama, Komanda akamjibu. Ile mupya, haina makelele.

Adeline akashusha mfuko taratibu.

— Bon, sawa. Lakini wale wenye silaha wa mu pori wanakimbiaka sababu ya makelele. Kama haina makelele, watajua namna gani kama iko?

Komanda akachungulia kikombe chake. Séphora akainamisha birika, halikutoa hata tone.

— Mvua haitangoja, Ézé, Adeline akasema. Masikio ya weye inasema nini?

Ézéchiel akasikiliza. Mbwa, redio ya jirani, gari likinguruma barabarani. Akaogopa, akamhurumia mkewe, akalionea uchungu shamba.

— Hakuna kitu, mama. Sikusikia kitu.

Gari likaondoka. Adeline akaketi kando yake, mbegu mapajani, na safari hii akasikiliza mwenyewe.